Warsha za ujuzi kwenye makongamano ya teknolojia: mambo tunayodanganyana wanafunzi

"Warsha ni warsha tu, nikijisajili nitafundishwa"

Hapa ndo wengi wanaanza kupotea. Kwenye makongamano ya kompyuta neno warsha mara nyingi ni kongamano dogo ndani ya kongamano, watu wanatuma pepa zao za utafiti, zinahakikiwa na wataalamu wengine, wanakuja kuziwasilisha. Mafunzo ya kushika kwa mikono huwa yameandikwa kama tutoriali au kipindi cha wanafunzi. Sasa mtu analipia siku nzima, anafika na laptopu yake na chaja, anakuta watu wanabishana juu ya matokeo ambayo hata hajui yametoka wapi. Soma ratiba mpaka mwisho kabla hujalipa, na angalia kama siku ya mafunzo ina ada yake pembeni, maana mara nyingi inayo.

"Hizo za mafunzo ni za wasiojua, mkali anakaa ukumbi mkubwa"

Jamani. Ukumbi mkubwa mtu anapewa dakika kama 15 au 20 aelezee pepa ambayo utakuja kuisoma mwenyewe ukiwa umejilaza. Kwenye kipindi cha uandishi unakaa meza moja na mtu anayehakiki pepa kila mwaka, anasoma ukurasa wako wa kwanza mbele yako. Wa kwangu alifika aya ya tatu akaweka kalamu chini, akasema "hapa ningekuwa nimeshachoka". Nilikuwa bado naeleza jinsi teknolojia inavyobadilisha dunia, tatizo lenyewe nimelificha ukurasa wa pili. Iliniuma lakini supavaiza wangu alikuwa ameipitia mara mbili na hakuliona, si kosa lake, yeye tatizo analijua tayari kwahiyo kichwa chake kinajaza mapengo.

"Takwimu nilishafaulu darasani"

Sawa, hongera. Haya chukua kalkuleta. Tuseme umelinganisha vitu 20 ambavyo kiukweli havina tofauti yoyote, havitegemeani, na kila kimoja unakipima kwa kile kigezo cha 0.05, yaani unakubali bahati ikudanganye mara 5 katika 100. Zidisha 0.95 yenyewe kwa yenyewe mara 20, unapata kama 0.36, yaani hiyo ndo nafasi ya kutodanganywa hata mara moja. Iliyobaki, karibu asilimia 64, ni nafasi ya kupata angalau "ugunduzi" mmoja ambao haupo. Na ndicho tunachofanya usiku wa kuamkia dedilaini, tunajaribu hiki, tunajaribu kile, kikitoka kizuri tunaandika hicho na vile 19 tunavifukia. Wenzetu wa kufundisha mashine ndo balaa, modeli imeendeshwa mara moja tu kwa namba moja ya kuanzia (seed, ile inayopanga bahati nasibu ya kompyuta), imeshinda kwa nusu asilimia, sherehe! Iendeshe mara tano kwa namba tofauti uone kama huo ushindi bado upo.

"Kuficha jina ni kufuta jina chini ya kichwa cha pepa"

Kama kongamano linataka mhakiki asijue wewe ni nani, jina lako bado liko kwenye taarifa za ndani za faili la PDF, kwenye linki ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu) uliyoweka, kwenye shukrani, na kwenye ile sentensi ya "kama tulivyoonyesha katika kazi yetu ya awali". Kuna makongamano pepa ya hivyo inarudishwa bila hata kusomwa.

Na tukiwa hapo hapo GitHub, paswedi uliyoipakia jana ukaifuta leo bado iko kwenye historia ya Git, ile programu inayotunza kila badiliko la mafaili, yeyote mwenye nakala anaiona, kwahiyo badilisha paswedi yenyewe kwanza, mengine baadaye.

"Bango ni pepa iliyokuzwa"

Karatasi ya A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9, mtu akiona uwanja wote ule anamwaga aya zote nane. Nani atasimama asome? Mashindano ya utafiti ya wanafunzi ya ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, yanaanzia kwenye bango, majaji wanapita wanakuuliza maswali uso kwa uso, na wachache tu ndo wanaingia raundi ya kuwasilisha. Bango la mchoro mmoja unaoeleweka kwa mbali linakupa nafasi ya kuongea, la maandishi linakufanya usimame pembeni kama mlinzi.

"Ni za wenye hela"

Siyo kweli kihivyo. Makongamano mengi yanachukua wanafunzi wa kujitolea, unakaa mlangoni au unashika maikrofoni masaa kadhaa, ada ya usajili unasamehewa. Kuna na ruzuku za safari, ila maombi yake yanafungwa mapema sana, mtu bado anafikiria kama aende. Kingine ambacho watu hawaambiwi, ruzuku nyingine unatumia hela yako kwanza halafu unarudishiwa kwa risiti. Mimi ya basi la kutoka uwanja wa ndege niliitupa pamoja na kikombe cha kahawa.