Kutoa otomatiki, kuweka manyuo: kazi haiko kwenye giaboksi

Wengi wanaonijia na wazo la kubadili gari kutoka otomatiki kwenda manyuo huanza na neno moja: "Fundi, giaboksi nimeshapata." Nafurahi nao, kisha nauliza. Pedali je? Flaiwili? Ile beringi ndogo ya nyuma ya krenkishafti, yaani shafti kuu ya injini? Waya za taa ya rivasi? Hapo kimya. Giaboksi ni chuma kikubwa kinachoonekana, ndiyo maana kila mtu huanza nayo. Lakini katika magari yote niliyoyafanyia kazi hii, kuipandisha giaboksi yenyewe hakujawahi kunimalizia siku nzima. Siku zinaishia kwenye vitu vinavyoenea mfukoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usinunue giaboksi peke yake. Tafuta gari zima la kuchinja, modeli hiyohiyo na injini hiyohiyo, lililotoka kiwandani likiwa manyuo. Hata kama limepondeka mbele, chukua. Humo utakuta propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ya urefu unaofaa (giaboksi mbili za injini moja mara nyingi hazilingani urefu), mauntini na chuma kinachoibeba giaboksi kwa chini, lever ya gia, pedali na mabano yake, hadi bolti. Anayekusanya kipande kimojakimoja hulipa zaidi na husubiri zaidi. Na kama modeli yako haikuwahi kutengenezwa na manyuo, jua kwamba vingi utavichonga mwenyewe.

Sasa twende nyuma ya injini, maana hapo ndipo shughuli ilipo. Injini ya otomatiki nyuma yake haina flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hushika. Ina sahani nyembamba ya chuma yenye meno ya starta, na uzito wa kuituliza injini unatoka kwenye konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki. Ukiondoa konveta umeondoa uzito huo, lazima uurudishe kwa flaiwili yenye uso uliosafishwa ili klachi ishike. Bolti za ile sahani usizirudishe. Sahani ni nyembamba, flaiwili ni nene. Bolti ileile itashika nyuzi chache tu za krenkishafti, na siku ikiachia, flaiwili inatoka ikiwa inazunguka kwa kasi ya injini.

Kuna pia suala la mizani. Injini nyingine husawazishwa kwa kitu kilichofungwa nje yake, na flaiwili ni sehemu ya hesabu hiyo. Mfano unaojulikana ni Ford 302: za zamani zina uzito wa mizani wa aunsi-inchi 28 (uzito mara umbali wake kutoka katikati), za kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 zina 50. Flaiwili ya kizazi kimoja inaingia kwa mwenzake bila shida, bolti zinafungwa, halafu injini inatetemeka hadi beringi zake zinakufa.

Na ile beringi ndogo. Shafti ya giaboksi ya manyuo, katika magari mengi yenye injini iliyolala kwa urefu, ncha yake huegemea kwenye beringi au bushi iliyo katikati ya krenkishafti. Otomatiki haiihitaji, kwa hiyo haiwekwi. Mara yangu ya kwanza sikuiangalia. Nilifunga kila kitu, nikakanyaga klachi, na kutoka chini ikaja sauti ya kuguna. Gia ya kwanza ikawa haiingii bila kukwaruza. Nikashusha giaboksi yote. Kwa tochi nikaona tundu tupu, na ncha ya shafti imeshaanza kung'aa upande mmoja kwa kutangatanga. Tangu siku hiyo naingiza kidole kwenye tundu hilo kabla ya kugusa klachi. Kuna injini ambazo tundu lenyewe halikuchongwa hadi kipimo cha mwisho, hasa baadhi ya Chrysler za miaka ya 1960 na 1970 zilizofungwa otomatiki. Huko dawa ni beringi kubwa inayokaa kwenye tundu la shingo ya konveta, au kufupisha ncha ya shafti.

Unapoipandisha giaboksi, isininginie kwenye shafti yake hata kwa dakika moja. Uzito wake utaipinda klachi pleti, na gari litakuwa likitikisika kila unapoondoka. Jeki iibebe mpaka bolti zote zishike.

Ndani ya gari, pedali ya breki ya otomatiki ni pana mno. Itabadilishwa pamoja na mabano. Ukuta wa injini kwenye magari mengi una alama au kifuniko mahali pa masta silinda ya klachi, pampu ndogo inayosukumwa na pedali, kwa sababu kiwanda kilitumia bodi moja kwa aina zote mbili. Kama hakuna, unatoboa, na hapo weka bati la kuimarisha kwa ndani. Mwambie mwenzako akanyage huku wewe umeweka kiganja ukutani: ukuta ukisukumika mbele, klachi haitaachia vizuri, nawe utailaumu giaboksi bure.

Umeme. Starta ya otomatiki hukubali tu lever ikiwa kwenye P (kuegesha) au N (huru), na kuna swichi inayohakikisha hilo. Mafundi wengi huunganisha waya mbili za swichi hiyo moja kwa moja na kuendelea. Nimeliona gari lililofanyiwa hivyo likiwashwa likiwa ndani ya gia. Liliruka mbele na kumkosa mtu kwa hatua moja. Waya hizo zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi. Kama gari lina mfumo wa kushikilia mwendo, klachi ikikanyagwa lazima uukate, la sivyo injini itapiga kelele ikiwa haina mzigo. Gari la kisasa lina tatizo kubwa zaidi: kompyuta yake inatafuta solenoidi (valvu za umeme) za otomatiki, ikizikosa inawasha taa na kupunguza nguvu. Hapo utahitaji kompyuta ya gari la manyuo, au mtu anayejua kuiandika upya iliyopo. Hilo lijue kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Difu nayo isisahaulike, maana uwiano wake (propela huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa gurudumu) ndio unaoamua injini izunguke kwa kasi gani barabarani. Chukua tairi yenye mzunguko wa mita 1.9 na gia ya tano ya 0.85. Kwa kilomita 100 kwa saa, difu ya 4.3 inaizungusha injini karibu mara 3,200 kwa dakika, ya 3.9 karibu 2,900. Kwa safari ndefu tofauti hiyo inasikika masikioni.

Oili ya giaboksi soma kitabu chake. Nyingi zinataka GL-4, daraja la oili ya gia, kwa ajili ya shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha kasi ya gia, ila zipo zinazotumia oili ya otomatiki, kama baadhi ya giaboksi za T-5 za Borg-Warner. Handibreki ikaze upya, maana P iliyokuwa ikilishikilia gari mlimani haipo tena. Iambie pia kampuni ya bima.

Kabla ya kulishusha, liache juu ya stendi imara, washa, kanyaga klachi, weka gia ya kwanza. Magurudumu yakiendelea kuzunguka kwa nguvu, klachi haijaachia: toa hewa kwenye bomba la klachi, pima tena pedali. Yakitulia, shusha. Kilomita 500 za mwanzo endesha taratibu, bila kuichezesha klachi mlimani, kisha rudi chini ya gari na spana, ukague bolti za giaboksi moja baada ya nyingine.