Wilson Palacios na uzushi wa "kiungo wa ubavu"

Kila ninapowafundisha vijana kazi ya namba sita, yaani kiungo mkabaji, hatokosekana mzazi au mchezaji wa kunitajia Wilson Palacios wa Honduras kama mtu aliyecheza Uingereza kwa ubavu tu, na kusema kweli kulirudia jibu lilelile kumenichosha.

Tottenham haikumchukua kutoka Wigan, Januari 2009, ili akavunje watu miguu. Ilikuwa timu iliyoanza msimu huo kwa pointi 2 katika mechi 8, na kocha Harry Redknapp alihitaji mtu wa kubaki mbele ya mabeki wakati wenzake wanapanda. Msimu ukaisha ikiwa nafasi ya 8, na uliofuata ikashika ya 4 na kufuzu Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mashindano hayo yapewe jina hilo. Luka Modrić alipovunjika mguu Agosti 2009, Palacios na Tom Huddlestone ndio waliobeba katikati: Huddlestone alipiga pasi ndefu, Palacios akaziba pengo lililoachwa na beki wa pembeni aliyepanda, akapora mpira na kuutoa papo hapo kwa pasi fupi. Februari 2011 alianza pamoja na kiungo mwenzake Sandro pale San Siro, uwanja wa Milan, na Milan ikafungwa 1-0 nyumbani kwake. Anayemdharau kwa kuwa aliifungia Tottenham goli moja tu la ligi, dhidi ya Hull, anampima kipa kwa chenga. Ujuzi wake ulikuwa katika kusoma njia ya pasi, na ndiyo maana nawasisitizia vijana wageuze shingo mara mbili kabla mpira haujawafikia. Asiyetazama hukaba kwa faulo.

Wapo wanaodai kwamba alishuka kiwango kwa uvivu. Mdogo wake, Edwin, alitekwa nyara Honduras mwaka 2007, na mabaki yake yakapatikana Mei 2009. Msimu uliofuata msiba huo ndio ule wa nafasi ya 4. Nafasi za kucheza zilipungua baadaye, hasa katika klabu ya Stoke, alikokaa kuanzia 2011 hadi 2015.

Kadi nyekundu aliyopewa katika Kombe la Dunia 2014 dhidi ya Ufaransa haikuwa ya moja kwa moja: ilitokana na njano ya pili, kwa kumsukuma Paul Pogba ndani ya eneo la hatari, na Karim Benzema akafunga penalti.

Kuhusu yeye na ndugu zake, waliokuwa katika kikosi cha Honduras cha Kombe la Dunia 2010 ni watatu, Wilson, Johnny na Jerry, aliyeitwa baada ya Julio César de León kuumia. Milton naye aliwahi kuichezea Honduras, lakini hakuwamo.

Wala Honduras haikuanzia Kombe la Dunia hapo: mwaka 1982 ilikwenda Hispania na kutoka sare ya 1-1 na wenyeji.