Kengele ya Moto Ikilia, Mtajua Moto Uko Wapi?

Saa nane usiku king'ora kinalia katika jengo la ghorofa sita. Mlinzi anakimbilia paneli ya kengele na kukuta taa moja nyekundu inawaka: kanda ya 3. Kanda hiyo ni ghorofa nzima yenye vyumba 20. Inambidi afungue mlango mmoja baada ya mwingine huku moshi ukizidi kutanda.

Huo ndio mfumo wa kanda. Vitambua moshi vyote vya eneo moja vimeungwa kwenye laini moja ya waya, na kimoja kikishituka paneli haijui ni kipi. Kwa jengo dogo, ambalo kanda nzima unaiona ukisimama mlangoni, mfumo huu unatosha na ni nafuu. Kwa hosteli, hoteli au hospitali, mimi siushauri kabisa.

Katika mfumo wa anwani, kila kifaa kina namba yake. Paneli inaandika: ghorofa ya 3, chumba cha 14, moshi. Waya wake hutoka kwenye paneli, huzunguka jengo na kurudi palepale, kwa hiyo ukikatika sehemu moja, paneli bado inavifikia vifaa kwa kupitia upande wa pili. Mingi ya mifumo hii hutoa taarifa hata kitambuzi kikianza kujaa vumbi, kabla hakijaanza kulia ovyo. Dakika zinazookolewa katika kutafuta chumba ndizo sisi zimamoto tunazozihitaji mno.

Upo pia mfumo usiotumia waya, ambao vifaa vyake huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Unafaa majengo ya kale yasiyopaswa kutobolewa kuta, ila betri za kila kifaa zibadilishwe kwa wakati.

Lakini hata mfumo wa bei kubwa huharibiwa na kitambuzi kilichowekwa pasipo mahali pake. Mara nyingi nimeingia jikoni nikakuta kitambua moshi kimevishwa mfuko wa plastiki na kukazwa kwa mpira, kwa sababu kilikuwa kinalia kila chakula kilipokaangwa. Siwalaumu wapishi, kosa ni la aliyekifunga pale. Jikoni panataka kitambua joto, ambacho kwa kawaida hushituka joto likifika kama nyuzi 58 za Selsiasi. Vyumba vya kulala na korido vinataka kitambua moshi cha mwanga, yaani kinachotumia mwanga kuugundua moshi, kwa sababu godoro likifukuta hutoa moshi mzito muda mrefu kabla ya kuwaka.

Na jengo likishapakwa rangi, inueni macho darini. Mafundi husahau vile vifuniko vya kuzuia vumbi juu ya vitambuzi, na paneli itaendelea kuonyesha kwamba hali ni shwari. Kisha kila wiki jaribuni kisanduku chekundu kimoja cha ukutani, kile cha kubonyeza ili kengele ilie, wiki inayofuata kingine, mpaka vyote viishe, ndipo muanze upya.