Dawa za wazazi wetu kwenye makao ya wazee: nani ameruhusu?

Mama yuko kwenye makao ya wazee. Muuguzi anaweza kumwanzishia dawa mwenyewe?

Hapana. Dawa huandikwa na daktari, au mtaalamu mwingine aliyepewa mamlaka hayo na sheria. Muuguzi hutoa kilichoandikwa. Hata parasetamoli ya "akihitaji" iwe na agizo linalotaja inatibu nini, dozi ngapi, na isizidi kiasi gani kwa siku.

Na daktari akiagiza kwa simu usiku?

Muuguzi aandike papo hapo, amsomee daktari alichoandika, athibitishe. Saini ya daktari ifuate mapema.

Makosa hutokea zaidi wapi?

Siku ya kutoka hospitali ndiyo inayonitia hofu. Orodha ya zamani iko makaoni, mpya imekuja na mgonjwa, na mtu ananakili kwa haraka. Chukua methotreksati ya baridi yabisi: humezwa mara moja tu kwa wiki. Ikinakiliwa "kila siku", mdomo hujaa vidonda, uboho hushindwa kutengeneza damu, na mzee anaweza kufa. Kwa hiyo orodha zote mbili zilinganishwe dawa kwa dawa, na kila tofauti apigiwe daktari. Kwa methotreksati, siku iandikwe kwa jina: "Jumatatu tu". Nawe omba kuiona karatasi hiyo; ni haki kuuliza.

Baba ana demensia (kupotewa na kumbukumbu na fahamu uzeeni), halali usiku. Wanataka kumpa dawa ya kumtuliza.

Msikubali haraka. Mara nyingi dawa hiyo ni ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa mpya za saikosisi huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Mwaka 2008 onyo likahusu na zile za zamani. Mzee asiyeweza kujieleza huenda anaumwa jino, amefunga choo, au mkojo umeziba. Je, ameangaliwa? Daktari amewaeleza hatari, mkaridhia? Agizo lina tarehe ya kupitiwa upya? Kama ameshaanza kuitumia, msiikatishe ghafla bila daktari.

Hawezi kumeza. Vidonge visagwe?

Mfamasia aulizwe kwanza. Kidonge cha kutoa dawa polepole kikisagwa, dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo. Dawa nyingi zipo za maji. Daktari abadilishe agizo.