Singo au umeoa/umeolewa: kisanduku cha juu kwenye fomu ya kodi Marekani na wanandoa wa jinsia moja

Huku kwetu PAYE inakatwa kwenye mshahara wako wewe, mwajiri haulizi mkeo anapata ngapi wala mumeo ana biashara gani, ndo maana hii dhana ya ndoa kuamua kodi yako inawasumbua watu wengi wanaohamia Marekani. Kule kila mwaka mtu anajaza ritani mwenyewe, fomu inaitwa 1040, na juu kabisa karibu na jina kuna visanduku vitano: singo, wanandoa wanaojaza pamoja, wanandoa wanaojaza kila mtu yake, mkuu wa kaya (asiye na ndoa anayetunza mtoto au ndugu anayemtegemea), na mjane au mgane mwenye mtoto anayemtegemea. Unatiki kimoja tu. Hicho ndo kinaamua ni kiasi gani cha kipato chako hakiguswi na kodi na kila asilimia inaanzia wapi.

IRS, yaani mamlaka yao ya kodi, inaangalia tarehe moja tu, 31 Desemba. Ukifunga ndoa ya kisheria siku hiyo saa nne usiku, basi kwa kodi umekuwa mwanandoa mwaka mzima, na ukishakuwa mwanandoa kile kisanduku cha singo hukigusi tena hata kama mnaona kingewafaa zaidi. Kwa wanandoa wa jinsia moja leo sheria ni hiyohiyo, hakuna fomu yao maalum.

Tuje kwenye hesabu maana hapo ndo utamu ulipo. Chukua viwango vya mwaka wa kodi 2024: singo anasamehewa dola 14,600 za kwanza, wanaojaza pamoja wanasamehewa 29,200, na bendi za asilimia 10, 12, 22 kwenda juu nazo ni pana mara mbili kwa wanandoa mpaka unapofika kwa matajiri. Sasa tuseme wanawake wawili wanaishi pamoja, mmoja analipwa dola 100,000 mwingine yuko nyumbani na hana kipato. Wasipooana yule wa kwanza analipa kama singo, kodi inakuja dola 13,841. Wakioana wakajaza pamoja inashuka mpaka 8,032. Karibu dola 5,800 zimebaki nyumbani kwa sababu ya cheti tu! Lakini kama kila mmoja angekuwa anapata 50,000, wangelipa 4,016 kila mtu, jumla 8,032, ndoa isingewapunguzia hata senti. Kwa hiyo anayekwambia "oa upunguziwe kodi" muulize kwanza kipato chenu kimepishana kiasi gani.

Na kuna wanaoumia. Watu wawili wenye mishahara mikubwa sana kwenye bendi ya 37% wakioana wanalipa zaidi, maana kwa viwango hivyo vya 2024 singo anaifikia kwenye dola 609,350 ila wanandoa wote wawili pamoja wanaifikia kwenye 731,200. Wenye kipato cha chini nao hivyohivyo, kama kila mmoja ana mtoto wake na alikuwa anajaza kama mkuu wa kaya, wakioana wanapoteza hiyo nafasi na ule msaada wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo unaweza kukatika.

Sasa historia, maana mpaka 2013 mambo yalikuwa kichekesho, samahani lakini ndo ukweli. Massachusetts ilianza kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja 17 Mei 2004, ila serikali kuu ilikuwa na sheria ya 1996 inaitwa DOMA iliyosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Matokeo yake mtu ana cheti halali cha ndoa, jimbo linamtambua, halafu kwenye fomu ya IRS anatakiwa atiki singo na asaini chini ya kiapo kwamba alichojaza ni kweli. Kwenye baadhi ya majimbo walikuwa wanaandaa, juu ya ritani halisi ya serikali kuu na ile ya jimbo, mpaka ritani ya tatu ya kuigiza, ya serikali kuu kama wanandoa, haitumwi popote, ni ya kupata namba za kuweka kwenye ritani ya jimbo. Bima ya afya ambayo mwajiri alimlipia mwenzi ilihesabiwa kama mshahara na kukatwa kodi, wakati mfanyakazi wa meza ya jirani aliyeoa mwanamke hakatwi kitu.

Iliyovunja hayo ni kesi ya Edith Windsor. Aliolewa Toronto 2007 na mwenzake Thea Spyer, Spyer akafariki 2009, serikali ikamdai Windsor kodi ya mirathi dola 363,053 ambayo mke wa mwanamume asingedaiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi 26 Juni 2013, na mwezi wa nane IRS ikatangaza kwamba inatambua ndoa kwa kufuata mahali ilipofungwa, hata kama unaishi jimbo lisiloikubali. Watu wakaruhusiwa kurekebisha ritani za miaka ya nyuma, kwa wengi kuanzia 2010, na kudai hela zao. Vurugu ikabaki kwa wakazi wa majimbo kama Ohio, serikali kuu wanandoa, jimboni singo, mpaka kesi ya Obergefell 2015, iliyohalalisha ndoa hizi nchi nzima, ilipofuta hilo. Mwaka 2022 Bunge nalo likapitisha sheria ya kulinda ndoa hizi, iliyosainiwa Desemba.

Mtego uliobaki ni wa makaratasi. Kuna majimbo yanaandikisha wenzi bila kuita ndoa, na IRS hailihesabu hilo kama ndoa, mtajaza singo hata mkiwa mmeandikishwa miaka 20. Na California inakuwa ngumu zaidi kwa sababu wenzi hao wanajaza kila mtu yake lakini kipato chao wanagawana nusu kwa nusu kwanza, hapo tafuta mhasibu usijifanye mjuaji.

Kujaza kila mtu yake mkiwa wanandoa mara nyingi ni hasara, unapoteza nafuu za masomo na nyingine kadhaa. Kuna wanaochagua hivyo kwa sababu marejesho ya mkopo wa chuo yanapigwa kwa kipato cha mmoja, au hawamwamini mwenzao, maana mkisaini pamoja kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote, hata la kipato alichoficha mwenzake. Na talaka inafuata kalenda ileile, hukumu ikitoka Januari, mwaka uliopita wote bado mlikuwa mmeoana.