Mantiki inayokubali kutengua hitimisho

Ukiambiwa kwamba ndani ya pango kuna mamalia, utasema haruki. Ukiongezewa kuwa mamalia huyo ni popo, unaliacha hitimisho lako papo hapo, na hakuna atakayesema ulifikiri vibaya. Mantiki ya hisabati hairuhusu jambo hili: kilichokwisha kuthibitishwa hubaki hivyo hata ukiongeza habari elfu. Sifa hiyo huitwa umonotoni, na mantiki zilizoiacha huitwa mantiki zisizo za kimonotoni. Akili bandia inazihitaji kwa sababu kompyuta mara nyingi hutakiwa kuamua kabla haijajua yote.

Mwaka 1980 mwanasayansi wa kompyuta Raymond Reiter aliiingiza "kawaida" ndani ya kanuni za kuhitimisha: ikijulikana kuwa kiumbe ni mamalia, na hakuna kinachopinga kwamba haruki, hitimisha kuwa haruki. Mwaka huohuo John McCarthy aliziacha kanuni za kuhitimisha kama zilivyo. Baadaye aliandika kwamba mamalia asiye wa ajabu, yaani asiyekiuka kawaida, haruki, kisha akazingatia tu zile hali ambazo ajabu zake haziwezi kupunguzwa zaidi. Robert Moore, mwaka 1985, alimtaka mwenye kufikiri ajichunguze anachoamini: mkutano ungeahirishwa ningejua, sijui lolote la namna hiyo, basi haujaahirishwa.

Kwa popo wetu, Reiter na McCarthy wanafika mahali pamoja. Wanaachana habari zinapogongana. Tuseme kwa kawaida shahidi husema kweli, lakini mmoja anasema mlango ulifungwa na mwingine anasema ulikuwa wazi. Kwa Reiter zinapatikana picha mbili kamili za ulimwengu, kila moja ikimwamini shahidi wake, na ni juu yako kuchagua moja au kushika yale tu yaliyomo katika zote. Kwa McCarthy unapata jibu moja la tahadhari: mmojawapo amekosea. Mimi naona picha mbili za Reiter zinafaa zaidi kwa mashine inayopaswa kutenda, maana angalau inaona njia zilizo mbele yake.

Hata hivyo, Reiter ana udhaifu ambao si mdogo. Ndege kwa kawaida huruka; popo pia. Ukijua tu kwamba kiumbe fulani ni ndege au popo, je, anaruka? Mtoto atajibu ndiyo, na McCarthy pia. Kanuni za Reiter zinanyamaza, kwa kuwa ya kwanza inasubiri uhakika kwamba ni ndege, na ya pili inasubiri uhakika kwamba ni popo.

Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz, ambao mwaka 1988 walizipa programu za mantiki, yaani programu zinazoandikwa kama orodha ya kanuni, maana ya "modeli thabiti" (picha ya ulimwengu ambayo kila kilichomo kinategemezwa na kanuni hizo), waliruhusu neno "au" katika kanuni za programu hizo mwaka 1991. Sasa zinatoka picha mbili, moja ya ndege na nyingine ya popo, na katika zote mbili kiumbe huyo anaruka.