Kabla Hujajisajili kwa Uzamili wa Usimamizi wa Ujenzi

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa mkadiriaji majenzi, yaani mpimaji wa kazi na gharama zake, katika mradi wa nyumba za kupangisha kule Kasarani. Bajeti ya mkandarasi ilikuwa shilingi milioni 60 kwa miezi 10. Mwishoni mwa mwezi wa nne tulikaa katika kibanda cha mabati tulichokiita ofisi, vikombe vya chai mezani na vumbi la saruji juu ya kila karatasi, nikasoma taarifa yangu: mpango ulitaka tuwe tumetumia milioni 24, nasi tulikuwa tumetumia 22. Mkurugenzi akatabasamu, akasema tumeokoa milioni mbili. Hesabu zile nilizipanga mwenyewe na hazikuwa na kosa la kujumlisha wala kutoa, lakini nilitoka mle nikiwa na wasiwasi nisioweza kuueleza, kwa sababu kila asubuhi nilipopanda ngazi za mbao hadi ghorofa ya pili niliwakuta mafundi bado wanafunga vyuma vya slabu, yaani sakafu ya zege, ambayo, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, ilipaswa kuwa imemwagwa wiki mbili kabla.

Jibu nililipata baadaye sana, jioni moja katika darasa la udhibiti wa gharama, nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Mhadhiri aliandika ubaoni tarakimu tatu mahali ambapo mimi siku zote nilikuwa nikiandika mbili. Ya kwanza ni fedha zilizopangwa kutumika hadi leo, ya pili ni fedha zilizotumika, na ya tatu, ambayo taarifa yangu haikuwa nayo, ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika ikipimwa kwa bei za bajeti. Nilirudi nyumbani nikafukua vipimo vyangu vya Kasarani, nikakuta kwamba kazi iliyokuwa imefanyika hadi siku ile tulipopongezana ilikuwa na thamani ya milioni 18. Gawanya 18 kwa 24, utaona tulikuwa tumefanya robo tatu tu ya kazi tuliyopaswa kuifanya. Gawanya 18 kwa 22, utaona kila shilingi tuliyoitoa ilizaa kazi ya senti 82. Kwa mwendo huo, jengo la milioni 60 lingemalizika kwa milioni 73 na ushei. Zile milioni mbili hazikuwa akiba hata kidogo. Zilibaki kwa sababu kazi yake haikuwa imefanyika. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kuwadai wakandarasi wake vipimo vya namna hii mwaka 1967, na mimi nilivifahamu nikiwa nimekwisha kukaa miaka kadhaa katika vibanda vya mabati.

Nimelisimulia hili kwa sababu vijana wengi huniuliza kama uzamili wa usimamizi wa ujenzi una faida, na wengi wao huufikiria kama daraja la juu la yale waliyosoma katika shahada ya kwanza. Sivyo. Hutafundishwa kuchanganya zege wala kukokotoa ukubwa wa nguzo. Hayo huchukuliwa kwamba ulikuja nayo, na ndiyo maana darasani utakuta msanifu majengo ameketi kati ya mhandisi na mkadiriaji. Linalofundishwa ni namna muda, fedha, mkataba na watu wanavyovutana katika mradi mmoja. Chuo Kikuu cha Nairobi huiendesha programu hiyo chini ya idara inayounganisha mali isiyohamishika, usimamizi wa ujenzi na ukadiriaji majenzi, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoko Juja, kina shahada yake ya usimamizi wa miradi ya ujenzi. Majina yanatofautiana kidogo, lakini kiini ni kilekile.

Somo lililonibadilisha kuliko yote, pamoja na lile la gharama, ni la mikataba. Wengi wetu hapa Nairobi tumefanya kazi miaka na miaka chini ya mikataba ambayo hatujawahi kuisoma hadi mwisho. Nakala hufungiwa katika kabati la mwenye kampuni, na hutolewa siku ugomvi unapozuka. Chukua mkataba wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wenye jalada jekundu, ambao hutumika sana katika miradi mikubwa ya barabara. Kifungu chake cha 20.1 kinasema kwamba mkandarasi anayetaka kuongezewa muda au malipo ni lazima atoe notisi katika siku 28 tangu alipolijua jambo linalomfanya adai, au alipopaswa kulijua, na asipofanya hivyo haki yake ya kudai inapotea. Nimemwona mkandarasi mwenye hoja nzuri kabisa, mwenye picha na shajara ya kila siku, akikataliwa dai lake kwa sababu barua yake ilifika mwezi wa tatu baada ya tukio. Alikuwa amemweleza mhandisi kwa mdomo mara nyingi, wakiwa wamesimama kando ya mtaro, na mhandisi alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Mvua nayo ina kifungu chake, na hapa darasa letu lilibishana hadi saa mbili usiku. Mkataba huohuo humpa mkandarasi muda wa ziada kwa hali mbaya ya hewa iliyopita kiasi, wala si kwa kila mvua. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zinajulikana na kila mkazi wa Nairobi, kwa hiyo mkandarasi aliyechimba msingi mwezi wa Aprili bila mpango wa kutoa maji hana wa kumlaumu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 ni habari nyingine, lakini hata hayo yanahitaji kuthibitishwa kwa takwimu za miaka mingi kutoka Idara ya Hali ya Hewa, kwa sababu picha ya mashimo yaliyojaa maji haitoshi. Somo la sheria za majengo tulilipita haraka zaidi. Siku hizi naamini lina uzito mkubwa kuliko zamani, kwa kuwa kanuni za ujenzi za mwaka 1968, tulizozikariri sote, zimepisha Kanuni za Kitaifa za Majengo za mwaka 2024.

Sasa tasnifu. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa pia ndipo nina lalamiko. Masomo ya darasani humalizika, watu hupiga picha pamoja, kisha miaka hupita bila pendekezo la utafiti kuidhinishwa. Sehemu ya tatizo ni mada. Wanafunzi wengi mno huandika kuhusu sababu za kuchelewa kwa miradi ya ujenzi katika Kaunti ya Nairobi: hojaji husambazwa, watu wanaombwa kupima kila sababu kutoka moja hadi tano, majibu hupangwa kwa mizani, na mteja anayechelewesha malipo hutokea akiongoza au akiwa karibu na kileleni. Ni kweli kwamba wateja huchelewesha malipo. Jambo hilo kila nyapara analijua, na hojaji ya mia moja na kumi haitaongeza kitu, kwani inapima maoni ya watu kuhusu ucheleweshaji na kuuacha ucheleweshaji wenyewe bila kupimwa.

Mimi nilirudi kwenye ile slabu ya Kasarani. Nilipoisoma upya shajara ya eneo la ujenzi, niliona kwamba vyuma havikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa mabomba ya nyaya za umeme yanayopaswa kulazwa kabla zege halijamwagwa, na fundi wa umeme aliyekuwa akiahidi kila Jumatatu na kutokea Alhamisi. Katika kusoma nikakutana na kazi ya Glenn Ballard na Greg Howell, Wamarekani walioanza kupima jambo dogo sana: kati ya kazi zilizoahidiwa kufanyika wiki hii, ngapi zimefanyika? Waligundua kwamba katika miradi waliyoichunguza, ahadi zilizotimizwa zilizidi nusu kidogo tu. Basi nikaomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kibali ambacho ukiomba mapema hakikusumbui, na nikakaa kila Jumatatu na manyapara wa miradi miwili nikiandika ahadi zao daftarini, kisha kila Jumamosi, vibarua wakisubiri malipo yao, nikizikagua moja moja na kuuliza kwa nini iliyoshindikana imeshindikana. Halikuwa jambo la kisomi sana kulitazama, lakini msimamizi wangu alilipenda, na manyapara wenyewe walianza kuahidi kwa tahadhari zaidi kufikia wiki ya tano.

Jambo moja huwapotosha watu, nalo ni usajili. Shahada hii haikufanyi mhandisi mbele ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, wala mkadiriaji au msanifu mbele ya bodi ya fani hizo mbili. Wala haiipandishi kampuni yako kutoka NCA 8, daraja la chini kabisa la wakandarasi, hadi NCA 1, lile la juu kabisa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), inayotoa madaraja hayo, ina vigezo vyake. Ikiwa lengo lako ni muhuri, fuata kwanza njia ya bodi inayokuhusu.

Wakati wa kwenda, kwa maoni yangu, ni baada ya kukaa kwenye mijengo miaka mitatu au minne hivi, na angalau mradi mmoja uwe umekuendea vibaya mikononi mwako. Niliyesoma naye ambaye alikuja moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza alipata alama nzuri kuliko zangu katika mtihani wa gharama, lakini aliziona zile tarakimu tatu kama fomula nyingine ya kukariri. Tangu sasa, anza kutunza shajara yako binafsi kando na ile ya mkandarasi: tarehe, hali ya hewa, idadi ya mafundi, kazi iliyoahidiwa, kazi iliyofanyika, nani alisema nini na saa ngapi. Dakika kumi kila jioni, kabla hujapanda matatu, zinatosha. Daftari langu la Kasarani lilikuwa la kurasa 200, limelowa chai pembeni, na nusu ya tasnifu yangu ilitoka humo.